Sahani Ilirudi Tupu

Kaloleni, Kisumu
14 Februari 1987

Kaka Joram,

Natumaini nyote huko mko salama, wewe na Dorca na watoto, na Mama zaidi. Sisi tuko. Bakari anaota meno, usiku wote ni kulia, kwa hivyo ukiona mwandiko unakwenda upande ujue naandika nikiwa nimempakata. Habiba sasa anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na nne huwa anairuka. Muhidin anakusalimu. Anachomelea mageti huko jua kali, akirudi jioni macho ni mekundu na hataki kusemeshwa mpaka anywe chai.

Sasa neno lenyewe. Tangu tulipokuja na wakwe zangu mwezi wa Desemba hujaniandikia hata mstari mmoja, na ninajua kwa nini. Ulichinja dume zuri. Ulichinja mapema ili wageni wasikae wakingoja, halafu wageni wakanywa chai na soda wakaondoka. Joram, hawakudharau nyama yako. Mwislamu hali nyama mpaka mnyama awe amechinjwa na Mwislamu mwenzake kwa jina la Mungu. Muhidin alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, akidhani atachinja yeye ili sote tule pamoja, kama inavyofanywa huku mjini hata kwenye arusi za Wakristo. Akakuta nyama tayari iko kwenye sufuria. Aliona haya kuuliza, na wewe uliona haya kuuliza, mimi nami nilikuwa nyuma ya nyumba nanyonyesha.

Jambo la pili ni Mama. Mwanamke mmoja anayeleta viazi kutoka soko la Sondu aliniambia miguu yake imevimba na anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Mlete hospitali ya Kisumu. Atakaa hapa.

Dada yako,
Zeituni

—

Sondu
9 Machi 1987

Adero,

Barua yako ilifika. Wewe unajiita Zeituni, lakini mimi nilikubeba mgongoni ukiwa Adero, kwa hivyo utanivumilia. Dorca ni mzima. Mvua bado. Ng'ombe mmoja alivunjika mguu akivuka mto, tukamuuza haraka.

Umenieleza mambo ya nyama. Nimesoma. Lakini wewe hukai hapa. Dalmas, yule jirani wetu wa upande wa barabara, hakuna siku tunayokutana asiniulize, "Bwana Joram, wale wageni walikuogopa wewe ama waliogopa ng'ombe?" Halafu watu wanacheka. Mkwe kuondoka nyumbani kwa mtu bila kutia chakula mdomoni ni jambo gani, unalijua bila mimi kukufundisha.

Mama yuko sawa. Ana kidonda kidogo tu mguuni.

Kuja huko hawezi. Umesahau? Mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hata kumtazama Muhidin usoni anaona haya, sembuse kulala chini ya paa lake na kuugua humo. Hilo ni moja. Kuna la pili, lakini siliandiki.

Ni mimi,
Joram

—

Kaloleni
22 Machi 1987

Kaka Joram,

Salamu kwa wote. Pole kwa ng'ombe. Bakari meno mawili yametoka, tumepumua kidogo.

Sijasahau mila yetu. Nimeiweka mbele ya mama mkwe wangu, yule tunayemwita Mama Muhidin, jina lake hasa ni Rehma. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Kumbe ndiyo sababu mama yako alinisalimia mimi tu, mwanangu akamsalimia akitazama ukuta. Mimi nilifikiri anaumwa shingo." Halafu akasema Mama atalala kwake. Yeye ni mjane, ana chumba chake mstari wa nyuma, kodi ya kaunsil analipa mwenyewe kwa kushona kofia. Muhidin akienda huko hupiga hodi na kungoja nje. Hiyo si nyumba ya mkwe. Mwambie Mama hivyo hivyo.

Na kidonda kidogo kwa mtu anayekunywa mtungi mzima wa maji si kidogo, Joram. Usingoje mpaka anyamaze.

Lile la pili usiloliandika, liandike.

Zeituni

—

Sondu
20 Aprili 1987

Adero,

Dorca anakuletea barua hii pamoja na Mama. Kidonda kimefika kwenye mfupa wa kidole, utaona mwenyewe.

Hili ndilo la pili. Akifa huko, msimwoshe, msimtie sanda, msimzike siku hiyo hiyo kabla sijafika. Mtu wetu anarudi nyumbani. Na asipewe jina lingine, asiambiwe aseme maneno yoyote ambayo haelewi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa. Wewe ulipokwenda kwa Waislamu nilisimama mbele ya watu nikasema ni dada yangu, ameolewa, basi. Mara ya pili sitakuwa na la kusema.

Nitakuja kumwona nikimaliza kupalilia.

Joram

—

Kaloleni
12 Mei 1987

Kaka Joram,

Shikamoo yako kutoka kwa Habiba, amesisitiza niiandike. Mahindi yameota? Hapa mvua imeingia mpaka chini ya mlango.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Daktari alisema kwa lugha nyepesi: anywe kidonge asubuhi, ale, mchana ale tena, asiruke. Nimemwambia mara nyingi mpaka ananiita mwalimu. Kidonda kinakauka. Ulisema utakuja baada ya kupalilia. Njoo umwone akiwa anacheka.

Maana anacheka. Hao mama wawili sijui nikueleze vipi. Kiswahili cha Mama unakijua, na Mama Muhidin Kijaluo chake ni cha kununua samaki tu. Siku ya kwanza Mama Muhidin aliamka alfajiri kuswali, Mama akaketi kitandani akamuuliza, "Wewe mama, Mungu yako haina usingizi?" Jioni Mama naye akaomba, unajua anavyoomba, kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Mama Muhidin akamngoja mpaka amen, akasema, "Na wako ni kiziwi?" Nilishika mdomo nikidhani ni vita. Wakacheka mpaka Mama akaomba ashikwe mguu.

Sasa ni Ramadhani, wiki ya pili. Mimi sifungi kwa sababu nanyonyesha, lakini nakaanga kaimati na bajia za kuuza jioni, nasimama kwenye moto kuanzia saa nane. Chakula cha Mama napeleka saa sita, nafunika, narudi mbio kwa Bakari. Mama Muhidin anamwambia, "Kula, dada, mimi hainisumbui," na Mama anasema ndiyo. Habiba ndiye hurudisha sahani, nayo inarudi tupu. Hakuna mtu amemwambia aseme neno lolote. Jumapili Mama Muhidin ndiye aliyemtafutia mtu wa kumpeleka kanisani, na akamfunga kitambaa kichwani mwenyewe, akimwambia hawezi kwenda kwa Mungu na nywele hivyo.

Njoo, Joram. Hata siku moja.

Zeituni

—

Kaloleni
23 Mei 1987

Kaka,

Barua hii nimempa dereva wa gari la Sondu, nimemwomba aifikishe leo kwa mkono wake.

Mama yuko wodini. Juzi mchana Mama Muhidin alirudi kutoka msikitini akamkuta sakafuni, jasho limemlowesha, hajibu. Muhidin alikuja mbio. Mila sikuifikiria, yeye pia hakuifikiria, alimbeba mikononi mpaka barabarani. Nakuambia kabla hujaambiwa na mtu mwingine.

Wanasema sukari ilishuka sana, ikakaa chini muda mrefu, kichwa kikaumia. Macho yamefunguka. Hasemi.

Nimeuliza nyumba nzima alikula nini. Habiba alijificha nyuma ya pipa la maji. Baadaye akasema, "Nyanya alikuwa ananipa chakula chake. Kila siku. Akaniambia nisiseme, akasema si vizuri kula mbele ya mama mwenye nyumba na yeye ana njaa." Kwa hivyo alikuwa anameza kidonge kisha anakaa bila kula mpaka jua lizame, wale wakiwa wote. Mtoto wangu alikuwa ananenepa nami nikamshukuru Mungu.

Mama Muhidin hajaondoka pale wodini. Anafuturu kwa maji ya bomba.

Njoo.

Zeituni

—

Sondu
10 Juni 1987

Adero,

Tulifika salama. Barabara ilikuwa mbaya, Dorca alimshika kichwa njia yote. Amelala katika nyumba yake. Upande wa kulia haumsikii.

Pale wodini sikutaka kusema mbele ya watu, na yule mama mkwe wako alikuwa ameketi pale na tasbihi yake. Nasema sasa. Mama alikuja kwenu akitembea. Nimemchukua kwenye blanketi. Hapa amezeeka bila mtu kumfunza kukaa na njaa, alipofika kwenu akafunga mwezi wa Waislamu. Unaniambia alijifunga mwenyewe. Unaniambia mtoto wa miaka mitano amesema. Mtoto husema aliyofundishwa. Na yeye mwenyewe angeweza kusema ukweli, lakini mmemrudisha akiwa bubu.

Kanisani wamemwombea. Walipoomba juu ya hila za wale waliompotosha sikuwanyamazisha. Sikuwa na nguvu hiyo.

Usije kwa sasa.

Joram

—

Kaloleni
21 Juni 1987

Kaka Joram,

Ninakusalimu. Habari za watoto sitaandika leo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena. Hakuna mtu aliyemfungisha Mama. Sina shahidi mwingine ila Habiba, na wewe umeshamkataa. Mwenye kujua ni Mama, na hasemi. Sasa nifanye nini? Nikiapa, utauliza naapa kwa kitabu gani.

Unamjua Mama. Ni lini ulimwona akila mbele ya mtu ambaye hali? Tulipokuwa wadogo alipakua sahani yake mwisho na bado alituangalia midomo kwanza. Haya hiyo ndiyo aliyokuja nayo Kaloleni, hakuipata huku. Mimi ningejua. Nilikuwa nikiona sahani tupu nafurahi kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Umesema nisije. Sawa, kwenu ni kwako. Lakini usiwaache watu waombe uongo juu ya yule mama. Hilo sikuombi, nakuambia.

Mama Muhidin anataka kuja kumwona. Kila siku ya soko ananiuliza kama umejibu. Nijibu basi, hata kama ni hapana.

Zeituni

—

Sondu
16 Julai 1987

Adero,

Natumaini watoto ni wazima. Mahindi yetu yamepata wadudu, lakini tutapata ya kula.

Sikujibu barua yako ya Juni. Niliiweka.

Mama mkwe wako alikuja siku ya soko iliyopita, nadhani alikuambia. Alishuka barabarani akauliza njia mwenyewe na Kijaluo chake hicho cha samaki. Dalmas ndiye aliyemleta, amembebea kikapu, ananiambia kwa sauti ya chini, "Omera, ndugu yangu, huyu hajaogopa ng'ombe." Nilikuwa nimejiandaa kumsimamisha pale pale langoni. Nilikuwa na maneno. Alinisalimia, akanipita, akauliza, "Yuko wapi?"

Tangu tumrudishe Mama amekuwa akila vijiko viwili vitatu, basi. Dorca alikuwa ameleta uji wa wimbi, mchana. Mama mkwe wako akachukua bakuli, akaketi kitandani, akampelekea kijiko. Mama akafunga mdomo. Akamwangalia yule mama, akaangalia kijiko, akaangalia tena yule mama. Mara ya pili vivyo hivyo. Meno yamebana kabisa. Nilitaka kusema, mwache, humwoni hataki? Ndipo yule mama akamwita Mama kwa jina lake, akasema, "Selpha, bado unanionea haya?" Akapeleka kijiko mdomoni kwake mwenyewe, akameza, akafungua mdomo kumwonyesha Mama ulimi, kama mtu na mtoto. Akachota kingine. Mama akafungua mdomo.

Walikwenda hivyo, kimoja chake, kimoja cha Mama, mpaka bakuli likaisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kofia.

Baadaye Dorca alimpa chai akakataa, kisha akaipokea, akasema haidhuru, siku yake imeshaharibika. Dorca alimbana mpaka akasema. Kumbe alikuwa amefunga, analipa siku za Ramadhani alizozikosa kwa homa iliyomshika baada ya kukaa na Mama wodini. Alikuwa amefunga na akala uji wetu saa saba mchana.

Kwa hivyo nimeona. Hakuna mtu aliyeniambia, nimeona kwa macho. Yale niliyokuandikia tarehe kumi Juni siwezi kuyatoa kwenye karatasi.

Jua lilipoanza kushuka aliondoka. Hatukumwambia alale. Dorca alinitazama, na mimi nikatazama nje, sijui kwa nini. Gari likapita akapanda.

Sasa ndilo neno langu. Tangu aondoke Mama hajala. Siku ya sita leo. Dorca amejaribu kula mbele yake, mimi nimejaribu, nimekula uji mpaka umenichosha. Anaangalia mlango. Maji kidogo tu kwa kitambaa. Mwambie yule mama arudi. Akae anavyotaka, kuna chumba, tutafagia mahali pa kuswalia. Mwambie nimesema mimi.

Joram

—

Kaloleni
20 Agosti 1987

Kaka Joram,

Najua hamjatulia bado, na Dorca bado ana wageni wa matanga. Bakari ana kikohozi. Habiba aliuliza nyanya amewekwa upande gani wa nyumba, nikamchorea chini kwa kijiti.

Barua yako ya tarehe kumi na sita Julai nimeipata leo. Leo, Joram, Mama ana wiki tatu ardhini. Sanduku la posta si letu, ni la tajiri wa Muhidin, na mwezi huo wote alikuwa amesafiri na ufunguo mfukoni. Ungempa mwanamke yeyote wa viazi, ingefika kabla ya jua kuzama. Wewe uliitia posta. Nafikiri ulitia posta ili usimwone mtu akiishika. Sikulaumu. Ningeweza kukulaumu lakini sina nguvu hiyo leo.

Sasa nimeelewa mambo ya mazishi. Mama Muhidin alisimama mbele yako akakupa mkono, ukageuka kana kwamba hukumwona. Njia nzima ya kurudi nilikuchukia. Kumbe wewe ulidhani ameitwa akakataa. Ulidhani amekaa huku Kaloleni anashona kofia zake huku Mama anaangalia mlango. Hakuitwa, kaka. Angesikia, angekuja kwa miguu. Tangu arudi kutoka kwenu, kila siku ya soko alikuwa amefunga kikapu, mimi ndiye niliyemzuia, nikimwambia tungoje, kaka yangu atasema neno. Ulikuwa umeshalisema.

Nimemsomea barua yako jioni hii. Nilisoma mpaka pale alipoondoka na gari. Nikafika pale pa Mama kutokula, nikaparuka, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba na mahali pa kuswalia. Alitabasamu kidogo kwa hilo la kufagia. Halafu akauliza, "Baada ya mimi kuondoka, aliendelea kula?"

Nikamwambia alikula. Nikasema Dorca alikuwa akimlisha uji wa wimbi, na alikula mpaka siku ya mwisho, bakuli zima. Akasema alhamdulillahi, akaomba maji ya kutawadha. Nilikwenda kuyachota nikakaa pale bombani mpaka ndoo ikafurika.

Sasa njoo. Usimtume Dorca, na usiandike tena. Njoo mwenyewe, umpe mkono ule uliomnyima, ukae chumbani kwake unywe chai. Atakuuliza na wewe, maana jambo la moyoni yeye huliuliza mara mbili, kwa watu wawili. Wewe ni mzee wa kanisa na tangu utoto sijakusikia ukisema uongo. Huu utausema. Utamtazama usoni na utamwambia bakuli zima.

Dada yako,
Zeituni